Mia tano za kupangiwa kikosi, Zimmerman

Kibanda cha gemu kiko Zimmerman, Nairobi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la gesi na ubavuni mwa kinyozi ambaye redio yake haizimwi. Ngazi ni za chuma, zinalia kama cherehani iliyokosa mafuta. Jina siandiki. Nina mazuri na mabaya ya kusema, na wenyewe ni majirani. Mwenye kibanda nilimshonea suti aliyoendea kulipa mahari, na salio la 700 mpaka leo nalisikia kwa masikio tu.

Nilichoenda kununua sikujua hata kwamba kinauzwa: kupangiwa kikosi cha eFootball, gemu ya mpira ya kwenye simu, kwa ajili ya mashindano ya mtandaoni. Ni vikao vitatu vya saa moja moja kwa shilingi 500, unalipa kwa M-Pesa kabla hujakaa. Ukitaka siti na waifai yao siku ya mashindano unaongeza 100. Hizo 600 zote nilizitoa, na hazikufanya kazi sawa.

Mimi ni fundi wa nguo, nina miaka 43, meza yangu iko upande wa Roysambu. Gemu sikuanza kwa kupenda. Mwanangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni, na simu haziruhusiwi, kwa hiyo aliniachia akaunti yake na onyo moja: niingie kila siku nichukue zawadi ya kuingia, nisikose hata siku moja. Basi nikawa naingia saa nne usiku, nachukua zawadi, natoka. Wiki ya pili nikasema wacha nijaribu mechi moja na kompyuta. Mwezi wa tatu nilikuwa namgombeza refa asiyenisikia, na jirani wa chini akaniuliza asubuhi kama kuna mgeni aliyekuja kunisumbua usiku.

Vijana bado wanaiita PES, na hawajakosea sana. Ni ileile ya Konami ya Japani, iliyobadilishwa jina mwaka 2021 na kutolewa bure, kisha Juni 2022 ikachukua nafasi ya PES kwenye simu. Pale kibandani hata gemu nyingine ya mpira, EA Sports FC ya kwenye PlayStation, imeandikwa "FIFA" kwenye ubao wa bei, na kampuni ya EA iliachana na jina hilo tangu 2023. Jina likishazoeleka Nairobi halitoki, muulize anayeshuka steji iliyobeba jina la duka lililofungwa zamani.

Mashindano yenyewe yaliandaliwa kwenye kundi la WhatsApp la mafundi na wachuuzi wa Thika Road. Watu 32, kila mmoja 200, mtoano. Mshindi anapata 4,000, wa pili 1,500, na 900 ni za mwandalizi, alisema ni za bando. Bando ya 900 kwa Jumamosi moja! Lakini nilituma.

Kijana anayefundisha ana kama miaka 23. Nilipotokea mlangoni aliniuliza, "Mathe, unamtafuta nani?" Nyuma yake wawili walikuwa wameshavaa mabegi, wakidhani nimekuja kumtoa mtu kwa sikio. Nikamwambia sijamfuata mtu, nimekuja kupangiwa kikosi. Kuanzia hapo akaniita madam mpaka mwisho, na akamwinua mtu kwenye kiti cha pekee chenye mgongo mzima akanipa mimi. Nalitaja hili mapema kwa sababu nawajua kina mama wanaocheza chini ya blanketi wakiogopa kuchekwa. Hapa hawacheki. Mmoja alicheka, siku ya pili nikamfunga tatu bila, siku hizi ananisalimia kwa mikono miwili.

Nilifikiri atachukua simu yangu aanze kuwahamisha wachezaji. Hakuigusa. Alitoa daftari la shule, akaandika jina langu juu, akaniambia nicheze mechi mbili mtandaoni na yeyote nitakayepewa. Yeye akakaa kando. Nilipomtupia jicho nikaona haangalii skrini, anaangalia vidole vyangu.

Ya kwanza nilifungwa mbili, ya pili nikatoka sare. Akanisomea. Kitufe cha mbio nakigusa kwa nadra. Pasi natoa mapema, na nyingi zinafika. Nikizungukwa na watu wawili natuma mpira mrefu kokote, ilimradi uondoke kwangu. Kila kitu napeleka kulia. Winga wa kushoto anaweza kwenda kunywa chai na chapati akarudi bila kukosa chochote. Na nikifungwa, dakika kumi zinazofuata nabonyeza vitufe vyote kwa pamoja.

Nimeshona miaka 19. Najua fundi anayepima na fundi anayekata kwa macho. Huyu anapima.

Ndipo akafungua kikosi cha mwanangu. Kilikuwa kizuri kukitazama: Messi yuko, Neymar yuko, Yamal yuko, kadi zinametameta, na ile namba ya jumla ya nguvu ya timu ni kubwa. Kijana akakisifu kwanza, maana ana adabu, kisha akasema, "Lakini madam, hii si saizi yako. Na hata mwenyewe ilikuwa inambana."

Alianza na kocha, mahali ambapo mimi nisingeanzia kamwe. Kwenye gemu hii timu inaweza kucheza kwa mitindo mitano: kumiliki mpira, kaunta ya haraka (yaani kupokonya mpira na kushambulia papo hapo), kaunta ya mipira mirefu, kupitia pembeni, na mipira mirefu ya moja kwa moja. Kila kocha ana alama zake kwa kila mtindo, na ukitumia mtindo ambao kocha wako ana alama za chini, wachezaji wako wanapungua nguvu hata kama ni Messi. Mwanangu alikuwa na L. Roman, ambaye kila anayecheza anajua ni Guardiola kwa jina la bandia, kocha wa kumiliki mpira. Halafu timu akaiwekea kaunta ya haraka, kwa sababu yeye ana miaka 16 na anapenda mbio. Miezi yote hiyo mwalimu alikuwa anafundisha Kiswahili na wanafunzi wanafanya mtihani wa Kemia.

Mimi natoa pasi mapema na sikimbii. Kwa hiyo kocha tulimwacha, tukabadilisha mtindo tu. Sikununua kitu. Hapa ndipo nilipoanza kumwamini, kwa sababu angeweza kuniambia ninunue koini, na nina hakika wapo wanaowaambia wateja hivyo.

Kisha tabia za wachezaji. Kila mchezaji ana tabia yake ya kujiendea uwanjani wakati hujamshika. Kuna mvizia goli, anayekaa begani mwa beki wa mwisho akingoja upenyo. Kuna kiungo anayepanda na kushuka boksi hadi boksi. Kuna kiungo wa kukaa mbele ya mabeki kama nanga. Kuna beki anayeanzisha mashambulizi kutoka nyuma, na kuna beki mharibifu anayemfuata mtu mpaka kwao. Tabia hiyo inaamka tu ukimpanga mahali panapoikubali, vinginevyo inalala, unabaki na jina na picha. Mwanangu alikuwa na wavizia goli watano. Watano! Mmoja wao amempanga kiungo, nikakumbuka aliwahi kuniambia "ana shuti, mama". Sasa kiungo yule, mvizia aliyelala, asiyejua kukaba, ndiye aliyekuwa anasimama katikati ya uwanja wangu kama mlinzi wa benki. Nilikuwa nimeulaumu mtandao.

Kabla ya kugusa chochote nilipiga skrinshoti ya kikosi kizima, mchezaji kwa mchezaji, ili nikirudishe kabla ya likizo. Kijana alinicheka kidogo. Hana mtoto wa kidato cha tatu.

Kikao cha pili ndicho nilichokipenda kuliko vyote, na ndicho ningekirudia kwa 500 yake peke yake. Ni kikao cha pointi.

Mchezaji akipanda ngazi unapewa pointi za kumwongezea uwezo, na unaziweka wewe mwenyewe kwenye mafungu: shuti, pasi, chenga, wepesi, nguvu za miguu, mipira ya juu, ukabaji, na matatu ya makipa. Kuna kitufe cha kugawiwa moja kwa moja, na mimi na mwanangu wote tulikuwa tunakibonyeza. Kijana akaniambia kitufe kile kinapenda kupandisha namba kubwa ya mchezaji, na namba kubwa ni ya kuonyesha marafiki.

Halafu akanionyesha bei. Hatua nne za kwanza za fungu lolote zinagharimu pointi moja moja. Nne zinazofuata, mbili mbili. Nne za baadaye, tatu tatu, na kuendelea kupanda hivyo. Hapo nikamwambia anipe kalamu, maana sasa tumefika kwenye mambo yangu. Hatua 12 za fungu moja ni 4 na 8 na 12, jumla pointi 24. Lakini hatua 8 ni pointi 12 tu. Kwa zile 24 nilizommalizia straika kwenye shuti peke yake, ningempandisha hatua 8 za shuti na 8 za kitu kingine. Ni kama kununua kitambaa Biashara Street: mita za mwisho za kile kizuri zaidi ndizo zinazokula pesa za bitana, vifungo na zipu, na mteja anaona koti zima, haoni mita.

Kijana alinyamaza, akaangalia hesabu, akasema, "Madam, hiyo naenda kuwafundisha wengine." Sijalipwa.

Kingine alichonifungua macho ni kwamba majina ya mafungu hayasemi kila kilichomo ndani. Mimi nilidhani kasi ni kitu kimoja. Kumbe kwenye wepesi ndimo mnamokaa kuchomoka, zile hatua mbili tatu za mwanzo, pamoja na mizani ya mwili na ujanja wa kujipanga mbele ya goli. Kasi ya mbio ndefu iko kwenye nguvu za miguu, pamoja na uzito wa shuti na pumzi. Mtu kama mimi, asiyebonyeza mbio, nilikuwa namlipia kila mchezaji mbio ndefu ambazo sizitumii, halafu ninakosa ule mchomoko wa kufika kwenye pasi. Tukafuta mgawo wa zamani kwa wachezaji saba. Mabeki wangu wa kati wawili waliongezewa wepesi, jambo ambalo nisingelifikiria, na ghafla wakaacha kugeuka kama lori la mchanga kwenye kona ya Kamiti Road.

Tulifika pia kwenye lile suala la kulia. Nilidhani ataniambia nijifunze kutumia kushoto. Alisema zimebaki siku tisa, mkono wa mtu haubadiliki kwa siku tisa, tubadilishe timu. Beki wa kulia akawa yule anayependa kupanda. Beki wa kushoto akapewa agizo la kutopanda. Gemu inakuruhusu maagizo manne ya mtu mmoja mmoja, mawili ya kushambulia na mawili ya kukaba. Winga wa kushoto akaondolewa kabisa, akaletwa kiungo wa tatu karibu na katikati, ili nikizungukwa na watu wawili niwe na mtu wa kumpa badala ya kutuma mpira mawinguni.

Winga wa kushoto alikuwa Neymar. Akaenda benchi. Niliona kama nimemnyang'anya mtoto sahani.

Timu nikaiita Uzi na Sindano. Kijana alitaka jina la kutisha zaidi. Nikamwambia sindano inatosha.

Kikao cha tatu kilikuwa kifupi, na hapa ndipo sifa zinapoanza kupungua. Saa moja niliyolipia ilikatwa ikawa kama dakika 35, kwa sababu ilikuwa Ijumaa jioni na vijana wa PlayStation walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye ngazi, na wao mechi moja ni 30, wanalipa papo hapo. Mwenye kibanda alimwita kijana mara nne. Katika muda huo tulipitia jinsi ya kuingia kwenye chumba cha mechi kwa namba ya siri anayotuma mwandalizi, jinsi ya kuzima arifa na simu zinazoingia (mteja wangu mmoja hupiga akiuliza sketi kila nikiwa karibu kufunga), na kutocheza simu ikiwa kwenye chaji, maana ikipata joto inaanza kujikokota. Penalti hatukuzifikia. "Tutafanya kesho kabla ya mechi," akasema. Sheria za mashindano zilisema wazi: hakuna muda wa ziada, sare ni penalti moja kwa moja. Ningebisha. Sikubisha.

Jumamosi nilifunga meza saa saba mchana. Mechi zilianza saa nane.

Kibandani kulikuwa na watu wengi kuliko viti. Ukuta umebandikwa karatasi inayojisifu waifai ni ya megabiti 50, na sina ugomvi na namba hiyo. Ugomvi wangu ni jinsi inavyogawanywa. Mechi ya gemu haili intaneti nyingi. Inachotaka ni vile vipande vidogo vifike kwa wakati wake, vinakuja na kurudi bila kusimama. Mtu mmoja akianza kupakua kitu kikubwa kwenye ruta ileile, vipande vyako vinasimama foleni nyuma ya mzigo wake, na kwenye skrini yako beki anakanyaga hewa mahali mpira ulipokuwa. Kijana analijua hili. Kwenye daftari langu aliniandikia kabisa: waifai ya gigahezi 2.4 inafika mbali lakini kwenye maghorofa kila jirani yuko humo, ya 5 haina msongamano lakini ukuta mmoja unaichosha, kwa hiyo kaa karibu na ruta. Lakini ruta si yake. Mwenye kibanda ameweka wote kwenye ndoo moja, na saa nane na nusu PlayStation mbili zilikuwa zinapakua masasisho.

Mechi ya kwanza nilishinda 2-1 dhidi ya muuza viatu vya mitumba wa Githurai. Goli zote mbili zilitoka kulia, pasi tano sita, beki anapanda, mpira chini, straika anaumalizia. Peter Drury, mtangazaji wa ndani ya gemu, akapaza sauti yake ile ya kanisani na mimi nikapaza yangu. Vijana walipiga meza.

Ya pili ilikuwa mateso. Picha inaganda, inaruka, inaganda. Nilibonyeza pasi, nikahesabu moja, mbili, ndipo ikatoka. Nilishinda 1-0 kwa goli la kona ambalo nadhani hata mpinzani hakuliona, huenda na kwake palikuwa vilevile. Nikamwambia mwenye kibanda azime yale masasisho. Akasema yamefika asilimia 80, nivumilie.

Saa kumi na dakika kumi stima ikapotea.

Mtu akiniuzia siti ya mashindano Nairobi kwa 100, namuuliza jambo moja tu: stima ikienda? Niliuliza siku ya kwanza. Nikajibiwa ipo betri ya ruta. Ipo kweli, nimeiona kwa macho yangu, nyeusi, imewekwa juu ya kabati. Haikuwa imechajiwa. Mwandalizi alikuwa ametoa dakika 15 za kuingia kwenye chumba, ukichelewa umeondolewa. Nikashuka nikakaa kwenye ngazi za chuma, chini kidogo ya mlango wa kinyozi, nikanunua bando ya 50, nikawasha data.

Na ilitulia. Mechi nzima ya robo fainali ilikwenda laini kama hariri, nimekaa juu ya gazeti, harufu ya gesi inapanda kutoka dukani. Hiyo 100 ya siti ningejua ningenunulia bando mbili za 50 tangu asubuhi nikakaa nyumbani kwangu na miguu juu ya kochi.

Mpinzani alikuwa kijana wa buchari ya Kahawa West. Mtulivu, hana papara. Tulimaliza 1-1. Penalti.

Yeye alinifunga zote. Kipa wangu nilimrusha kulia mara ya kwanza, kulia mara ya pili, na mara ya tatu nikajiambia hawezi kupiga kushoto tena, atabadilisha, nikamrusha kulia. Aliendelea kupiga kushoto. Na mimi zangu zote nilipiga kulia, mpaka kipa wake akaanza kuondoka kabla sijapiga. Lile daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu, limeandikwa kwa wino wa buluu kwamba kila kitu napeleka kulia, na dakika 25 nilizonyimwa Ijumaa ndizo zingenifundisha kupiga kwingine.

Nilipanda nikadai 100 yangu. Mwenye kibanda akasema stima si yake. Nikamwambia betri je? Akasema kwani si nimecheza? Nikamkumbusha ile 700 ya suti, akaenda kumhudumia mtu. Kijana ndiye aliyenifuata ngazini akanitumia 50 kutoka kwenye simu yake, na akaniomba nije Jumanne tumalize zile dakika za penalti bila malipo. Nilienda. Alikuwepo, alikuwa amesafisha kiti.

Kwa anayetaka kwenda, haya ndiyo ya kujua. Vikao chukua asubuhi za siku za kazi, saa tatu mpaka saa sita, wakati kuna watu wawili watatu na kijana ana akili yake yote. Ijumaa jioni usikubali hata ukibembelezwa. Beba chaja na maji, soda zao hazina baridi. Choo ni cha ploti, ufunguo uko kwa kinyozi na unapewa baada ya maswali. Mtoto aliyevaa sare ya shule hawamruhusu, nimeona wakimrudisha mmoja, na hilo nimelipenda. Lugha ya vijana ni chafu mechi zikichacha, ingawa walijizuia nikiwepo. Ukuta wa mbele una dirisha moja, saa tisa mchana humo ndani ni kikaango.

Mafunzo nayapa 450 kati ya 500. Hamsini nimezikata kwa zile dakika za Ijumaa, na kijana amezilipa kwa Jumanne. Siti ya mashindano siipi kitu. Usinunue. Chukua daftari lako, nunua bando, kaa kwako.

Nilisahau jambo moja. Zile skrinshoti za kurudisha kikosi nilizihifadhi vizuri, kisha Agosti ikanikuta na sare za harusi za wasimamizi tisa, sikurudisha kitu. Mwanangu alifika jioni, akala, akaomba simu. Alikaa nayo muda mrefu pale kwenye kochi bila kusema neno. Nikawa nasikia vidole vyake tu, anafungua mchezaji mmoja, anafunga, anafungua mwingine.

"Mama, nani amemweka Neymar benchi?"

Nikamwambia ni mimi.

Akaangalia simu tena. Halafu akasogea, akanipisha nafasi kwenye kochi, akanipa simu. "Cheza moja nione."